UZI: Mama na mtoto katika picha za Kiholanzi: soma kofia kabla hujasoma saini

Mwalimu wa Picha

Wanajukwaa, salaam.

Picha hizi mnakutana nazo sana mtandaoni: mama kakaa karibu na dirisha, mtoto yuko mapajani, kofia nyeupe kichwani, na chini pameandikwa tu "mama wa Kiholanzi na vazi lao la asili". Mara nyingi maandishi hayo yanafunga pamoja picha za karne mbili tofauti kabisa. Nafungua uzi huu tuzitenganishe, na kila mwenye ujuzi wa nguo, rangi au turubai aongeze la kwake.

Kundi la kwanza ni la karne ya 17. Humo wamo Pieter de Hooch, Gabriel Metsu, Nicolaes Maes na Jan Steen. Wanawake waliowachora wamevaa nguo za mjini za siku zile. Mama wa Delft mwaka 1660 alivaa koti fupi, sketi nzito, aproni na kitambaa cheupe cha kitani, na mwenzake wa Leiden au Amsterdam alivaa karibu vilevile. Ukiliita hilo vazi la kijiji fulani umeshapotea njia.

Kundi la pili linaanza katikati ya karne ya 19 na kufika mwanzoni mwa karne ya 20: Jozef Israëls (1824–1911), Albert Neuhuys (1844–1914), Bernard Blommers (1845–1914), Hein Kever (1854–1922) na wenzao wa Shule ya The Hague (kundi la wachoraji wa mji huo) na kijiji cha Laren. Kufikia hapo watu wa mijini walikuwa wanafuata mitindo ya Paris, lakini vijiji vya wavuvi na wakulima vilishikilia nguo zao, kila kijiji na kofia yake, mkato wake na rangi zake za msiba. Wachoraji walivifuata vijiji hivyo kwa makusudi. Kwa hiyo picha ya kundi hili inaweza kukutajia hata jina la kijiji, mradi ujue pa kuangalia.

Utaratibu wangu ni huu. Anza na kofia ya mama. Kisha mtoto: kavaa nini, kashikiliwa na nini, kakalia nini. Kisha chumba: sakafu, meko, kitanda. Saini iwe ya mwisho. Saini ni kitu rahisi kuongezwa kuliko vyote katika picha, ila kofia iliyokosewa humwumbua mchoraji papo hapo.

---

Kigoda

Mwalimu, naomba tuanze na ile ya De Hooch ambayo mtoto kaweka kichwa mapajani kwa mama. Anafanyiwa nini hasa? Wengine wanasema anasali, wengine analia.

---

Mwalimu wa Picha

Anatolewa chawa, mkuu. Picha iko jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, imechorwa karibu na mwaka 1660, ukubwa wake ni kama sm 52 kwa 61. Mama kainama, vidole viko kwenye nywele. Kwa Waholanzi wa wakati huo usafi wa kichwa cha mtoto ulikuwa kipimo cha malezi, ndiyo maana kazi hiyo ndogo ilistahili turubai nzima.

Sasa angalia vitu vinavyowazunguka. Nyuma yao kuna kitanda kilichojengwa ndani ya ukuta kama kabati, chenye mapazia. Kitanda cha namna hiyo kilihifadhi joto usiku. Pembeni kulia, chini, kuna kiti kidogo cha mbao kilichozibwa pande zote. Hicho ni kiti cha haja cha mtoto: juu mtoto anakaa na kubanwa kwa kijiti asianguke, chini kuna chungu. Mtoto aliweza kukaa humo muda mrefu mama akifanya kazi, na baridi ikizidi kiliwekwa pia chungu kidogo cha makaa. Ukikiona kiti hicho kwenye picha, usikiite kabati wala jukwaa.

Ipo nyingine ya De Hooch, ya jumba la picha la Gemäldegalerie huko Berlin, ya mwanzoni mwa miaka ya 1660: mama anafunga kamba za kizibao chake karibu na kitanda cha mtoto cha kusukwa. Kamba ziko mbele kwa sababu ametoka kunyonyesha. Kizibao cha kufunga mbele kinafunguka bila kuvua koti, na katika picha hiyo mkato wa nguo ndio unaokueleza kilichotokea dakika chache zilizopita. Nyuma kabisa binti mdogo kasimama mlangoni, kaangaliana na mwanga.

---

Sindano na Kitani

Naongeza kuhusu watoto wa karne ya 17, maana hapo makosa ni mengi mno.

Kosa la kwanza ni kusema kila mtoto mwenye sketi ni msichana. Wavulana walivaa sketi mpaka karibu miaka sita au saba, ndipo walipopewa suruali. Sababu ilikuwa ya matumizi: mtoto asiyeweza kujifungua vifungo haraka ni rahisi kumhudumia akiwa na sketi, na sketi inaweza kushushwa pindo kadiri anavyokua. Kumtofautisha, angalia kiwiliwili. Wa kiume mara nyingi ana safu ya vifungo mbele kama koti la baba yake, na kola ya kulala. Wa kike kizibao chake ni kigumu na kinashuka kwa ncha mbele, kama cha mama. Angalia na mkononi pia: fimbo ya mchezo wa kolf (unaofanana na gofu), mjeledi wa kuchezea pia inayozunguka, ngoma. Katika picha ya De Hooch ya wanawake wawili kwenye kabati la mashuka, ambayo ina tarehe kabisa, 1663, mtoto anacheza kolf mlangoni. Hata hivyo kitu cha mkononi peke yake hakitoshi, lazima kikubaliane na nguo.

Pili, kofia nene iliyojazwa pamba au manyoya na kuzunguka kichwa kama kata. Hiyo ni kinga ya kichwa mtoto anapojifunza kutembea. Rembrandt ana mchoro mdogo wa chaki nyekundu, uko British Museum, wa miaka ya 1630: wanawake wawili wanamfundisha mtoto kutembea, na mtoto kavaa kofia hiyo. Pamoja nayo mara nyingi utaona mikanda miwili mirefu inayotoka mabegani nyuma. Ni mikanda ya kumshikia, imeshonewa kwenye nguo yenyewe. Wachoraji wa leo wanaoiga picha hizi hugeuza mikanda hiyo kuwa utepe wa pambo unaoning'inia kiunoni. Ikiwa kiunoni haimzuii mtoto kuanguka kifudifudi. Lazima itoke begani.

Tatu, mtoto mchanga kabisa. Alifungwa kwa vitambaa vya kitani tangu mabega mpaka miguu, mikono ikiwa ndani wiki za mwanzo. Kwa hiyo ukikuta picha inayosemwa ni ya 1650, mtoto wa mwezi mmoja anarusha miguu wazi hewani, uliza maswali, isipokuwa kama ni mandhari ya dini.

Na watoto wa matajiri wana vitu vyao. Frans Hals alimchora Catharina Hooft na yaya wake mnamo 1619–1620, nayo iko Berlin. Catharina hajafika hata miaka miwili, lakini kavaa nguo ya hariri ya maua na kola ya lesi kama bibi mzima, na mkononi ana kayamba ya dhahabu yenye njuga. Kayamba za namna hiyo mara nyingi ziliwekwa marijani au jino la mbwamwitu nchani, mtoto aume meno yakianza kuota, na marijani iliaminika pia kumkinga na mabaya. Yaya kavaa nguo nyeusi ya heshima isiyo na lesi nyingi. Ukiangalia lesi tu unajua nani ni nani.

---

Mwalimu wa Picha

Dada Sindano kagusa jambo nililotaka kulisema: si kila mwanamke aliye na mtoto ni mama. Kwenye ile ya De Hooch ya ua wa nyumba Delft, ya 1658, National Gallery ya London, mwanamke aliyeshikana mkono na mtoto kwa kawaida anatambuliwa kuwa mtumishi. Ishara za mwenye nyumba ni koti lenye ukingo wa manyoya, funguo kiunoni, mikono ya nguo isiyokunjwa. Aproni ya buluu na mikono iliyokunjwa huelekea kwa mtumishi, ingawa mama wa nyumba ya kawaida naye alivaa aproni ya buluu akiwa kazini. Zihesabu ishara zote pamoja.

---

Rangi ya Ardhi

Nina pingamizi dogo kwa bandiko la kwanza. Umesema picha ya kundi la pili inaweza kutaja kijiji. Ni kweli kwa kofia, lakini wachoraji wale walikuwa wanavalisha watu. Kofia ni ya kweli, tukio si la kweli.

Chukueni Volendam, kijiji cha wavuvi. Leendert Spaander alifungua hoteli yake hapo 1881, akawakaribisha wachoraji kutoka nchi nyingi, na mabinti zake walikaa mbele yao kuchorwa. Mmoja wao, Pauline, aliolewa na mchoraji Mfaransa Augustin Hanicotte. Kilichowavuta wageni ni ile kofia ya lesi yenye ncha juu na mabawa mawili pembeni, inayoitwa hul. Sasa hul ile ya lesi ilikuwa ya Jumapili na sikukuu. Mama anayemenya viazi jikoni siku ya kazi hakuivaa. Kwa hiyo picha yenye hul ya lesi, shanga za marijani nyuzi tatu na kifungo cha dhahabu, sketi ya milia, halafu mikono iko kwenye ndoo ya samaki, imepangwa na mchoraji kwa ajili ya mnunuzi.

Ng'ambo ya maji, upande wa pili wa Gouwzee, kuna Marken. Kilikuwa kisiwa mpaka 1957 kilipounganishwa na bara kwa tuta. Volendam ni Wakatoliki, Marken ni Waprotestanti, na mavazi hayafanani hata kidogo ingawa wanaonana kwa macho. Mwanamke wa Marken ana nywele za mbele zilizokatwa na kusimamishwa juu ya paji, na vishungi viwili virefu vinavyoshuka mbele ya mabega. Kifuani ana kizibao chenye tarizi nyingi na kipande cha pamba ya maua. Watoto wa Marken, wa kike na wa kiume, walivaa sketi na kofia hadi karibu miaka sita, kwa hiyo alichosema dada Sindano kuhusu karne ya 17 kiliendelea pale kisiwani mpaka karne ya 20.

Nimewahi kuona mabandiko yanayoita kila picha ya Marken "Volendam". Angalieni vishungi. Volendam havipo.

---

Mwalimu wa Picha

Nakubaliana na wewe mkuu, na nashukuru. Tofauti hii inafaa tuishike: nguo ni ushahidi wa mahali, si ushahidi wa tukio.

Ila Laren ni kesi nyingine. Neuhuys na Kever hawakufuata nguo za sikukuu. Mama wa Laren kwenye picha zao ana kofia nyeupe ya kawaida, shati la rangi iliyopauka, aproni ya buluu au kijivu, na mtoto kavaa kilichobaki kwa kaka yake. Meko iko chini, chungu kinaning'inia kwa mnyororo, kuta zina moshi. Israëls naye alikwisha kufanya hivyo kwa wavuvi kabla yao. Picha yake ya mama wa kibandani akimlisha mtoto kwa kijiko, iliyoko Detroit Institute of Arts, haina lesi ya kujivunia. Picha zake ni za giza, na nguo zinaonekana kwa uzito wake zaidi kuliko kwa mapambo. Kwangu mimi hizo ndizo picha bora za kundi hili zima, na inasikitisha kwamba zinasambazwa kidogo kuliko zile za hul.

---

Kigoda

Zeeland je? Nimeona kofia kubwa kama gamba la kombe.

---

Sindano na Kitani

Hiyo ni ya Zuid-Beveland, sehemu ya Zeeland. Kofia ya umbo la gamba, ya mviringo mpana, ni ya Waprotestanti. Yenye umbo la pembenne, iliyonyooka juu na kutanuka, ni ya Wakatoliki. Eneo moja, dini mbili, kofia mbili. Mikono ya nguo zao ni mifupi na imebana sana juu ya kiwiko, kwa hiyo mkono wa chini unakuwa mwekundu kwa jua na baridi. Mchoraji aliyempa mama wa Zeeland mikono myeupe laini hakufika huko.

Na kijiji cha Spakenburg kina kipande cha kifuani na mabegani cha pamba ya maua kinachokazwa kwa wanga mpaka kinasimama kama ubao, wanakiita kraplap. Angalieni upana wake: kilipanuka namna hiyo katika karne ya 20. Ukiona kraplap inayopita mabega halafu chini imeandikwa 1880, tarehe ina kasoro.

Kuhusu ujenzi wa kofia zenyewe, kwa wanaotaka kumvalisha mtu ili wamchore. Kofia hizi haziwi kitu kimoja, ni tabaka. Ndani kuna kofia ya pamba inayobana nywele. Juu yake, sehemu nyingi za nchi, kuna oorijzer, yaani utepe wa chuma, fedha au dhahabu unaozunguka kisogo na kuishia kwenye panja kwa vipande vinavyoonekana. Huo ndio unaoshikilia kofia ya nje. Mkoa wa Friesland utepe huo ulipanuka katika karne ya 19 mpaka ukafunika karibu kichwa chote. Juu kabisa ndiyo lesi.

Lesi inafuliwa, inatiwa bluu ya kufulia kidogo sana, halafu wanga. Kwa kofia laini ya Laren tumia kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mchele kwa nusu lita ya maji. Kwa mabawa yanayosimama tumia vitatu. Koroga kwanza kwa maji ya baridi mpaka madonge yaishe, ndipo umimine maji yanayochemka huku unakoroga. Ukianza na maji ya moto unapata vidonge vinavyobaki kwenye matundu ya lesi, na kwenye mwanga wa dirisha vinaonekana kama uchafu. Kamua ndani ya taulo bila kusokota, umbia mabawa kabla haijakauka, bandika pini kwenye mto, iache. Pasi kali inaunguza wanga na kuacha manjano. Kama lazima upige pasi, weka kitambaa katikati.

---

Turubai Nyeupe

Mimi niseme upande wa uchoraji.

Kofia nyeupe ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu wanaipaka nyeupe. Kaa chini uangalie kofia ya Neuhuys au ya Metsu: nyeupe tupu haifiki sehemu moja ya kumi. Inayobaki ni kijivu. Upande unaotazama dirisha kijivu kinaelekea buluu, upande wa chumba kinaelekea kahawia. Changanya nyeupe na okra (rangi ya udongo) ya manjano kidogo na nyeusi ya mifupa kwa tabaka la chini, kofia nzima. Ikikauka, paka mikunjo kwa nyeupe iliyochanganywa na okra tu. Nyeupe tupu iwe viboko vitatu vinne kwenye kingo za mikunjo, na nene kuliko kwingine kote. Ukitanguliza nyeupe tupu huna tena pa kupanda.

Wazee walitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu. Nyeupe ya titani inatosha leo. Epuka kupaka nyeupe ya zinki peke yake kwa tabaka nene, inakauka ikawa ngumu na baada ya miaka inapasuka na kubanduka.

Sakafu ya De Hooch. Watafiti wamekuta kwenye baadhi ya picha zake tundu dogo la pini pale mistari yote inapokutana, na Vermeer, mchoraji mwenzake wa Delft, alifanya hivyohivyo. Njia ni nyepesi. Bandika pini hapo mistari inapokutana, yaani kwenye nukta ya upeo. Funga uzi, upake chaki. Vuta uzi mpaka ukingoni, ubane, uudunde. Chaki inaacha mstari ulionyooka, unaufuatisha kwa brashi. Kwa vigae vilivyokaa kimshazari unahitaji nukta mbili zaidi, kushoto na kulia, kwenye mstari uleule wa upeo. Makosa yanaanzia hapo: watu wanaziweka ndani ya turubai kwa sababu ndipo penye nafasi, na vigae vya pembeni mbele vinavutika mpaka mtoto aliyesimama juu yake anaonekana anateleza. Turubai ikiwa na upana wa sm 60, weka nukta hizo angalau sm 90 kutoka nukta ya upeo kila upande. Zitatoka nje ya turubai, kwa hiyo piga misumari kwenye ubao au ukutani.

Nguo ya buluu ya wakulima ina siri yake pia. Van Gogh alipokuwa kijiji cha Nuenen, kati ya mwisho wa 1883 na 1885, aliandika kwamba watu wa pale walivaa kitani kizito walichofuma wenyewe, mtande (nyuzi za urefu) mweusi na mshindio (nyuzi za upana) wa buluu. Ndiyo maana buluu ile ikipauka haiwi ya mbinguni, inabaki na weusi ndani. Usichanganye buluu na nyeupe ukadhani umemaliza. Paka tabaka la kijivu cheusi, likauke, halafu kokota buluu juu kwa brashi kavu ili weusi uchungulie.

---

Vanishi

Kwa wenye picha mkononi, au wanaotaka kununua mnadani huko Ulaya, haya ni ya kuangalia kabla ya kumlipa mtu.

Chukua lenzi ya kukuza mara kumi. Ukiona nukta za rangi zilizopangwa safusafu, ni chapa ya mashine. Zipo chapa za zamani zilizogandamizwa ili zionekane na viboko vya brashi. Kwenye hizo viboko havifuati umbo: kiboko kinapita katikati ya shavu la mtoto kwenda kwenye ukuta bila kubadilika.

Tumia taa ya urujuanimno (UV), chumba kikiwa giza. Vanishi ya zamani ya utomvu inang'aa kijanikijani. Sehemu zilizopakwa upya juu yake zinaonekana madoa meusi. Angalia kofia, mikono na uso wa mtoto, kwa sababu hapo ndipo wauzaji hurekebisha zaidi. Nyeupe ya zinki inang'aa manjano ya kijani. Zinki ilianza kutumika kwenye rangi za mafuta karne ya 19, kwa hiyo ukiikuta kwenye tabaka la asili la picha inayosemwa ni ya 1660, si ya 1660. Titani ilifika kwa wachoraji karibu na 1920, nayo huitambui kwa taa, inahitaji kipimo cha maabara. Buluu ya kobalti ni ya 1802, ultramarini ya kiwandani ni ya miaka ya 1820. Manjano ya risasi na bati, iliyotumika sana karne ya 17, ilipotea katikati ya karne ya 18. Ukiikuta ni dalili nzuri.

Nyufa: kwenye picha za karne ya 19 zenye giza, sehemu nyeusi mara nyingine zina nyufa pana kama ngozi ya mamba, na rangi imejikusanya. Sababu ni lami iliyochanganywa na rangi ili kupata kahawia ya kina. Haikauki kabisa. Huwezi kuirudisha, na mtu akikuahidi atazifuta atapaka juu yake tu. Saini nayo ikiwa imeingia ndani ya nyufa kama wino kwenye bonde, iliwekwa baada ya nyufa kutokea.

Kusafisha, tafadhali sana: hakuna kitunguu, kiazi wala mkate. Vinaacha wanga na sukari, na kwenye unyevu ukungu unakula hapohapo. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya manyoya, picha ikiwa imeinama mbele ili vumbi lianguke chini, na tu kama rangi haijabanduka. Unyevu wa hewa uwe asilimia 45 hadi 55 na usipande na kushuka. Mwanga wa rangi za mafuta usizidi laksi 200 (laksi ni kipimo cha mwanga). Za maji laksi 50. Wengi wa Shule ya The Hague walichora sana kwa rangi za maji, na hizo zikipauka hazirudi.

---

Pwani na Pamba

Uzi mzuri sana huu. Kwenye zile pamba za maua za kifuani kuna jambo linalotuhusu. Asili yake ni India. Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki, iliyoanzishwa 1602, ilileta pamba zilizopakwa kwa mkono kutoka pwani ya Koromandeli, na kuanzia hapo zikaingia kwenye nguo za vijiji. Huko Hindeloopen, Friesland, wanawake walivaa koti refu la pamba hizo: nyekundu kwa furaha, buluu na nyeupe kwa msiba. Baadaye Waholanzi wakajifunza kuchapa wenyewe, na kiwanda cha Helmond kilichoanzishwa 1846, ambacho leo kinajulikana kwa vitenge vya wax hata Lubumbashi, kilichapa pia kanga za soko la Zanzibar na pwani yetu. Kwa hiyo mama wa Marken na mama wa Unguja waliwahi kuvaa nguo zenye historia inayopita kwenye soko lilelile la Bahari ya Hindi.

---

Kigoda

Hii ya pamba ya msiba imenifungua macho. Kumbe buluu kwenye picha inaweza kuwa ni maombolezo?

---

Sindano na Kitani

Ndiyo, lakini kwa kijiji na kijiji. Hindeloopen na Staphorst buluu ina maana hiyo. Laren aproni ya buluu ni ya kazi tu. Ndiyo maana tunaanza na kofia: ukishajua kijiji ndipo unaweza kusoma rangi. Kwa watoto angalia vilevile, maana mtoto wa familia yenye msiba naye alivalishwa rangi hizo, hata wa miaka miwili.

---

Mnunuzi Mpya

Wakuu, kuna picha inauzwa. Mama ana hul ya mabawa, shanga za marijani, yuko kwenye kiti karibu na meko, mtoto wa kama miaka minne yuko magotini ana sketi na vishungi viwili virefu mbele ya mabega. Nyuma pameandikwa kwa penseli "Volendam 1870". Saini haisomeki vizuri. Nifanyeje?

---

Rangi ya Ardhi

Mama ni wa Volendam, mtoto ni wa Marken. Mchoraji alikuwa na masanduku ya nguo, au watu wawili waliokaa siku tofauti. Hilo haliifanyi kuwa bandia, ila inasema ilitungwa studioni. Tarehe 1870 ina mashaka kwa sababu wachoraji walifika Volendam kwa wingi baada ya hoteli ya 1881. Penseli nyuma ya picha huandikwa na yeyote.

---

Vanishi

Omba picha nne kabla ya kutaja bei: mbele nzima kwenye mwanga wa mchana, mbele kwenye mwanga wa kutoka pembeni ili uone unene wa rangi, saini kwa karibu sana, na nyuma nzima pamoja na fremu ya mbao. Nyuma tafuta muhuri wa muuza turubai, aina ya misumari, na kama mbao na turubai vimekolea rangi sawasawa. Akikubali taa ya urujuanimno, ielekeze kwanza kwenye hul, halafu kwenye vishungi vya mtoto. Kama vishungi vinatoka vyeusi na hul inang'aa sawa na picha nzima, vishungi viliongezwa baadaye, na unaweza kuwa na mtoto wa Volendam aliyegeuzwa kuwa wa Marken ili picha iuzwe.

---

Mwalimu wa Picha

Na kabla ya hapo, mkuu, ingia kwenye mkusanyiko wa Rijksmuseum mtandaoni. Picha zinapakuliwa bure kwa ukubwa kamili. Tafuta kwa maneno ya Kiholanzi: *moeder en kind* (mama na mtoto), *klederdracht* (vazi la asili), *wieg* (kitanda cha mtoto mchanga), ukiongeza jina la kijiji. Ukipata kumi za Volendam na kumi za Marken, ziweke kando kwa kando uzikuze sehemu ya kichwa tu. Jumba la makumbusho la Zuiderzee huko Enkhuizen lina nguo zenyewe. Picha za muuzaji zikifika, ziweke hapa tuzisome pamoja.